MELI INA JINA, WALIOIFANYIA KAZI HAWANA

Ndugu Wafanyakazi,

Maneno yangu leo ni ya meli, nami naandika kutoka Isinya, ambako hatuna bahari wala ziwa, ila vumbi, ng'ombe wa Wamaasai na malori ya Namanga. Najua wako watakaocheka na kuuliza, mtu wa reli katika nchi kavu ana neno gani na meli? Wangoje kidogo. Meli nitakayoisema ililetwa kwa reli, na tangu 1927 mpaka 1977, miaka hamsini kamili, mabaharia wake walikuwa watumishi wa reli, kwanza ya Tanganyika, kisha ya Afrika Mashariki. Ni ndugu zetu wa chama kimoja. Meli yenyewe ni Liemba ya Ziwa Tanganyika.

Wengi husema meli hii ihifadhiwe. Wako wanaotaka ifanywe nyumba ya makumbusho juu ya maji, watu walipe kiingilio waje kuitazama, kwa kuwa ilikuwa manowari ya Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mimi sipingi kuhifadhi. Napinga kuhifadhi chuma na kutupa watu.

Tazameni habari yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, jina la yule gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji, mwaka 1905. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa gari la moshi, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Pamoja na makasha wakaja mafundi watatu Wajerumani: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Majina yao yamo vitabuni, wala siwaonei wivu, maana walikuwa watu wa kazi kama sisi. Lakini nitajieni jina la mtu mmoja tu aliyebeba kasha moja kati ya yale 5,000. Ni nani aliyeshika nyundo pale Kigoma, jua likiwaka, mabati yalipokuwa yakiungwa? Hamjui, nami sijui. Meli ina jina, gavana ana jina, mafundi watatu wana majina. Vibarua hawana.

Iliteremshwa majini Februari 1915. Ikafungwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyoangamizwa katika mto Rufiji mwezi wa Julai mwaka huo huo. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, wakiuacha mji wa Kigoma, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, nao kwanza waliipaka mitambo grisi nzito ili maji yasiiharibu. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Sasa hesabuni wenyewe. Kazi ya vita haikutimiza miaka miwili. Kazi ya amani ilianza 1927, ikawa makumi ya miaka: watu, mahindi, dagaa, wagonjwa, maharusi na maiti, bandari hata bandari. Mpaka miaka ya 1970 iliendeshwa kwa mvuke, na mvuke haujitokezi wenyewe, sharti mtu achochee moto. Mei 2015 ndiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, ikawafikisha Kigoma. Basi kwa nini kibao cha makumbusho kiseme tu, "Hii ni manowari ya Mjerumani"? Mtu aliyelala nyumbani mwako usiku mmoja hawezi kuitwa mwenye nyumba.

Msidhani naogopa jambo lisilokuwapo. Nendeni makumbusho ya reli Nairobi. Mtaliona behewa ambamo Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alikamatwa na simba pale Kima mwaka 1900. Kima si mbali nasi. Habari ya Bwana Ryall husimuliwa kila siku, na ni habari ya kusikitisha, sikatai. Lakini reli hiyo hiyo ilijengwa na watu 31,983 walioletwa kutoka India, na kati yao 2,493 walifariki, mbali na Waafrika ambao hesabu yao haikutunzwa sana. Mmoja aliyeliwa na simba amewekewa behewa. Hao 2,493 wamewekewa tarakimu.

Nendeni Mombasa, Fort Jesus. Mzinga wa Königsberg uko pale, na watoto wa shule hupigwa picha kando yake. Lakini mizinga ya vita ile haikutembea kwa miguu yake. Ilikokotwa na wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na kuhara. Kumbukumbu kubwa tuliyo nayo ya watu hao ni Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na wengi wanunuao nyanya pale hawajui neno hilo lilitoka wapi.

Wako wenzetu wasemao, "Basi meli ya mkoloni na ikatwe, iuzwe chuma chakavu." Huo nao ni upotevu. Mkoloni aliiagiza, lakini jasho lililoiweka majini baada ya 1927 ni letu. Ukiikata huikati ya gavana, waikata ya baba yako. Na wako wasemao irudishwe Ujerumani ilikoundwa. Hao nawauliza: reli hii nayo irudishwe wapi? Serikali ya Tanzania iliamua itengenezwe upya irudi kuchukua abiria. Uamuzi huo ni mwema, maana chombo huishi kwa kazi. Lakini siku itakapochoka kabisa na kufungwa gatini iwe makumbusho, tusikubali ikabidhiwe watu ambao hawakupata kushika hata kamba yake.

Yawezekana? Yawezekana. Katika Marekani iko meli ya mwaka 1942, LST-325, iliyopeleka askari Normandy mwaka 1944, baadaye ikawa mali ya jeshi la Wagiriki. Mwaka 2000 wazee waliopata kutumika katika meli za namna ile, wengi wamepita miaka sabini, walikwenda Ugiriki, wakaitengeneza kwa mikono yao, wakaivusha bahari kuu, wakafika Mobile, Alabama, Januari 2001. Hawakuwa matajiri wala mawaziri. Walikuwa mabaharia na makanika wastaafu waliosema, chombo chetu hakitakufa bila sisi. Ndiyo maana leo ni makumbusho, na injini zake zingali zawaka.

Na tuliosoma shule za misheni twakumbuka kitabu cha Nehemia, sura ya tatu. Ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa, waliandikwa wajenzi kwa majina, huyu na lango lake, yule na kipande chake, hata wafua dhahabu na wauza manukato. Na wale wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo kwa kazi waliandikwa pia, ili aibu yao isisahauliwe. Ikiwa watu wa kale waliweza, ofisi zenye kompyuta zashindwaje?

Kwa hiyo naleta mambo manne mbele ya chama:

1. Kila tawi liwatafute wastaafu wa reli na wa meli za maziwa, maneno yao yaandikwe wangali hai. Mzee akifa leo, kesho hakuna wa kumwuliza.

2. Rejista za wafanyakazi, vitabu vya mishahara na picha za zamani zisichomwe wala kuuzwa kwa wafunga karanga. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mali iligawanywa. Karatasi nazo ni mali.

3. Chama chetu kiandikie vyama vya wenzetu wa Tanzania, tudai kwa sauti moja viti vya wafanyakazi katika kamati yo yote itakayoshughulikia uhifadhi wa Liemba.

4. Ikiwa makumbusho, waongozao wageni wawe mabaharia wastaafu, walipwe mshahara wa haki, si ahsante na soda.

Isinya tuko mbali na Kigoma, lakini jambo hili litafika kwetu. Reli ya Magadi nayo itazeeka, na siku moja atakuja bwana mwenye kalamu kuandika kibao chake. Atamwandika nani? Tusipoandika sisi, ataandika kampuni na tarehe, basi.

Umoja ni nguvu.

Mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Isinya