Ceausescu aliponzwa na makofi

MSOMAJI, wewe kijana unayeshinda kijiweni ukibishana siasa, tuna swali kwako. Kiongozi anayeshangiliwa na kila mtu, tena kila siku, atajuaje kwamba wananchi wamemchoka?

Jibu liko Romania. Jina lake ni Nicolae Ceausescu.

Huyu hakuzaliwa ikulu. Alizaliwa mwaka 1918 kwa wakulima maskini wa kijiji cha Scornicesti. Akiwa na miaka 11 tu alikwenda Bucharest kujifunza ushonaji viatu. Chama cha Kikomunisti kikiwa kimepigwa marufuku, yeye alijiunga nacho, akasota jela. Tuseme ukweli: alikuwa mlalahoi mwenzetu. Mwaka 1965 akashika chama, na 1967 akawa mkuu wa nchi.

Na alipendwa! Agosti 21, 1968, majeshi ya Kisovieti na washirika wake yalipoivamia Czechoslovakia, alisimama kwenye roshani ya makao makuu ya chama akaulaani uvamizi ule hadharani. Umati ukalipuka kwa shangwe. Makofi yale yalikuwa ya kweli.

Baada ya hapo wapambe wakaingia kazini. Mwaka 1974 alijifanya rais, akashikishwa fimbo ya enzi kama mfalme. Mkewe Elena, aliyeacha shule mapema, akasifiwa kuwa mwanasayansi mkubwa na kupewa unaibu waziri mkuu. Aliyenong'ona alisikiwa na Securitate, polisi wa siri.

Miaka ya 1980 aliamua kulipa deni lote la nje. Chakula kikauzwa ng'ambo, wananchi wakapanga foleni ya mkate na kutetemeka gizani wakati wa baridi. Wakati huo huo mitaa ya kale ya Bucharest ilibomolewa ili apate kujenga jumba ambalo ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani! Wafanyakazi wa Brasov walipoandamana Novemba 1987, walikamatwa. Lilikuwa onyo. Hakusikia.

Angesikiaje? Novemba 1989 mkutano mkuu wa chama ulimchagua tena kwa kauli moja, wajumbe wakisimama kila mara kumpigia makofi. Hata mwezi haukuisha. Desemba 17 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Timisoara. Desemba 21 akaita mkutano wa hadhara, akapanda roshani ile ile ya 1968. Katikati ya hotuba, umati ukaanza kuzomea! Televisheni ilikuwa ikirusha moja kwa moja, na nchi nzima ikamwona mzee ameduwaa. Akaahidi kuongeza mishahara. Amechelewa! Kesho yake alitoroka kwa helikopta, na Desemba 25 yeye na mkewe wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa muda wa saa moja hivi, wakapigwa risasi.

Usishangilie bado, kijana. Zaidi ya watu 1,000 walikufa Desemba ile, wengi wao baada ya Ceausescu kukimbia. Na nani alikalia kiti? Ion Iliescu, kigogo wa zamani wa chama kile kile. Juni 1990 wachimba migodi waliletwa Bucharest wakawatwanga kwa marungu wanafunzi na wapinzani, na Iliescu akawashukuru. Dereva alibadilishwa, gari likabaki lile lile.

Ndiyo maana tunakuambia wewe. Ceausescu hakuharibiwa na askari peke yao. Aliharibiwa pia na maelfu ya watu waliompigia makofi huku mioyoni wakimlaani. Wengine walifanya hivyo kwa woga, na woga tunauelewa. Lakini wewe unayeshangilia kwa ajili ya fulana na sahani ya pilau, utajitetea vipi?

Wala hili si la watawala tu. Hata sisi wa upinzani, mwenyekiti wetu akikosea, mwambie usoni. Chama kinachoogopa kuambiwa ukweli kikiwa hakina dola, kikiipata dola kitakufanyia nini?

Kiongozi akitenda vema, mpigie makofi. Akiboronga, mzomee mapema, kungali na nafasi ya kujirekebisha. Ukiitwa mkutanoni, jiulize kwanza: mikono yako inamfanyia kazi nani?