Kiingereza Nyumbani: «I doubt» haitaki «not» nyuma yake



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa likelemba yetu ambaye anauzisha nguo sokoni. Balo zake anaziagiza Kampala. Muuzaji wa kule anasoma Kiingereza tu, basi kijana wake wa sekondari ndiye anayemwandikia ujumbe kwenye simu. Mwezi uliopita pesa zilichelewa. Mama akamwambia kijana: «Mwandikie kwamba nina mashaka pesa hazitafika mbele ya Siku ya Posho.» Kijana akaandika: «I doubt that the money will not arrive before Saturday.»

Muuzaji akasoma, akatulia, akamwekea balo yake, na mteja mwingine aliyeitaka akamrudisha mikono mitupu. Posho ikafika, pesa hakuna. Mama akaitwa mwongo, na sasa muuzaji anataka alipwe kwanza ndipo atume kitu. Mama anauliza: «Mwalimu, huyu mtoto alikosea wapi, maneno yote si ni yaleyale?»

Ndiyo, maneno ni yaleyale, na hapo ndipo taabu ilipo. Katika Kiswahili chetu, «nina mashaka» inakaribia «ninaogopa». Tukisema «nina mashaka hatakuja», tunaona kama hatakuja. Lakini «I doubt» ya Kiingereza ni «siamini». Tayari imebeba «hapana» mgongoni. Ukiiongezea «not» nyuma, unakuwa na hapana mbili, nazo zinauana. Muuzaji alisoma hivi: «Siamini kwamba pesa zitakosa kufika.» Kwa maneno mengine, pesa zitafika. Alifanya kile alichoambiwa.

Kijana alipaswa kuandika: «I doubt that the money will arrive before Saturday.» Hakuna «not». Au, kama anataka kuibakiza «not» yake, abadilishe mwanzo: «I am afraid the money will not arrive before Saturday.» Hii ya pili ni nzuri zaidi kwa biashara, maana ni ya adabu, na mtu hawezi kuielewa vibaya. Na «I don't doubt» ni kinyume kabisa: «sina mashaka, nina hakika». Mtu asiiandike kwa muuzaji kama pesa hazijapatikana.

Kifaransa nacho kinachanganya watoto. «Je doute» ni kutokuamini, lakini «je me doute» ni kuhisi kwamba jambo ni kweli. Kaneno kadogo kamoja, na maana inageuka. Tena kuna «sans doute», ambayo kwa Kifaransa cha kila siku ni «labda ndivyo». Mtoto anaichukua na kuandika «without doubt», ambayo kwa Kiingereza ni hakika kabisa, ni kama ahadi. Alitaka kusema labda, sasa ameahidi.

Tuje kwa «sidhani». Hapa wamama wengi watafurahi, kwa sababu Kiswahili cha nyumbani kinamsaidia mtoto kuliko Kifaransa cha shule. Sisi tunasema «sidhani kama ni mgonjwa». «Hapana» tunaiweka kwenye kudhani, siyo kwenye ugonjwa. Kiingereza kinapenda hivyohivyo: «I don't think he is sick.» Kusema «I think he is not sick» si kosa la sarufi, ila masikioni mwa wenye lugha inakuwa nzito, kama mtu anayebishana.

Sasa angalia lile neno «is». Kwa Kifaransa, ukisema hudhani, kitendo kinachofuata kwa kawaida kinabadilika umbo: «Je ne pense pas qu'il soit malade.» Watoto wamefundishwa hiyo «soit» miaka mingi, wameadhibiwa kwa ajili yake, basi wanaitafutia ndugu katika Kiingereza. Ninasahihisha kaye na kukuta «I don't think he be sick». Hapana. Kiingereza hakibadilishi chochote hapo. Kitendo kinabaki kama kilivyo kila siku: «he is», «she has», «they will come». «I don't think she has money.» «I don't think they will come.» Mtoto asikilize namna bibi yake anavyosema «sidhani kama ana pesa», ataona kwamba «ana» ya bibi haikugeuka.

Lakini «kama» ya bibi isifuatwe mpaka mwisho! «Kama» yetu inafanya kazi nyingi. Kwa Kiingereza, nyuma ya «I don't think» tunaweka «that», au hatuweki kitu. «I don't think if he will come» ni kosa, nami ninaliona kila juma. Nyuma ya «I don't know», «I am not sure» na «I doubt», hapo «if» inaruhusiwa: «I don't know if he will come», «I doubt if he will come». Nikitaka watoto wakumbuke, ninawaambia kwamba «think» haikai nyumba moja na «if».

Halafu kuna ile «s» ya yeye. Tunasema «she thinks». Tukikanusha, «does» inakuja na kuichukua ile «s» iende nayo, «think» inabaki mikono mitupu: «she doesn't think». Hatusemi «she doesn't thinks». Ya wakati uliopita ni hivyohivyo: «did» imekwisha kubeba wakati uliopita, basi kitendo kinarudi katika umbo lake la kawaida. «She didn't know», siyo «she didn't knew». Ni mzigo mmoja, unabebwa na mtu mmoja. Watoto wa darasa la kwanza la Kiingereza wanaelewa hivyo upesi, wakubwa ndio wanaosahau.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili kinatudanganya na Kifaransa ndicho kinatuokoa. Tunasema «sikudhani kama atakuja». Kudhani kumepita, lakini «atakuja» inabaki ya mbele. Kiingereza hakikubali hivyo. Kinataka vyote viwili virudi nyuma: «I didn't think he would come.» Vilevile «sikudhani kama ni mgonjwa» ni «I didn't think he was sick». Mtoto akikwama, afikiri Kifaransa: «Je ne pensais pas qu'il viendrait.» Umbo linalingana karibu moja kwa moja. Katika kaye, ndilo kosa linalobaki hata kwa wanafunzi wazuri, na wale wanaojitayarisha kwa Exetat ningependa walifanyie mazoezi zaidi ya mengine yote.

Bado kujibu. Muuzaji akikuuliza «You don't think the lorry will arrive today?», sisi tunajibu «ndiyo», kwa maana «ndiyo, ni kweli, sidhani». Kiingereza hakiangalii kama unakubaliana na muulizaji, kinaangalia jambo lenyewe. Kama hudhani, jibu ni «No, I don't». Ukisema «Yes», ameelewa kwamba lori litafika. Wamama wanaopita Kasindi au Bunagana na kujibu maswali ya mpakani waishike hii hata kama mengine yote watayasahau, kwa sababu pale swali linaweza kuja na «don't» ndani yake. Ukiona mashaka, usijibu neno moja tu. Maliza sentensi: «No, I don't have other bags.» Anayesikia sentensi nzima hawezi kukugeuzia maana.

Majibu mafupi mawili ya kumfundisha mtoto hata wakati wa kuchambua maharagwe: «sidhani» ni «I don't think so», na «natumaini sivyo» ni «I hope not». Wasiseme «I don't hope so», hata kama inaonekana kufanana na ile ya kwanza. Sababu yake sitaitafuta leo, lugha zina mambo yake.

Yule mama nimemwandikia ujumbe mpya kwa muuzaji wake. Tumeeleza kwamba mtoto alikosea neno, na kwamba pesa zilifika Siku ya Kwanza. Bado hajajibu.

Kazi ya nyumbani, mtoto aiandike na mama amsikilize akisoma kwa sauti. Weka kwa Kiingereza: «Sidhani kama ana njaa.» «Sikudhani kama mvua itanyesha.» «Baba hadhani kama wageni watafika leo.» «Siamini kwamba duka limefunguliwa.» Majibu juma lijalo, ukurasa huuhuu.