TAARIFA YA TAWI: HABARI ZISIKATWE NA KIFURUSHI

Ndugu wanachama,

Katika kikao kilichopita wenzetu kadhaa walisema hawakupata taarifa ya habari kwa sababu kifurushi cha dishi kilikuwa kimekwisha. Tumeona tulizungumze.

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012, wengi tumezoea kuamini kwamba bila kulipia, TV ni pambo la sebuleni. Sivyo. Kwa utaratibu wa TCRA, king'amuzi cha antena kinatakiwa kuendelea kuonyesha chaneli za bure, TBC1 ikiwemo, hata kifurushi kikiisha.

Tupige hesabu. Anayelipa Sh 20,000 kwa mwezi anatoa Sh 240,000 kwa mwaka. King'amuzi na antena hununuliwa mara moja.

Hatuwadanganyi: mpira wa Ligi Kuu unabaki kwenye vifurushi, na ukitoka mbali na mji wa Tabora mawimbi hufifia. Aliye mbali amuulize kwanza jirani mwenye antena kabla ya kutoa fedha yake.

Enzi za misafara, habari za pwani zilifika Unyanyembe na wapagazi. Leo zinapita juu ya mapaa yetu. Tusikubali zimfikie mwenye pesa peke yake.

Tunapendekeza malipo ya dishi la ofisi yasitishwe, tufunge antena, na TV iwashwe kila saa 2 usiku kwa yeyote. Kikao kijacho kiamue. Njooni.

Wenu katika ujenzi wa Chama,
Katibu wa Tawi