Sabuni Haitibu Upweke

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Je, wazee wenyewe wakiharibikiwa ndani ya nafsi zao, ni nani atakayelitengeneza neno hilo?

Nazungumzia wazee wanaoishi katika makao ya kuwatunza wakongwe, kama Nyumba ya Wazee kule Kasarani na Mji wa Huruma jijini Nairobi. Katika makao ya aina hii mzee hupata kitanda, chakula na mtu wa kumfulia. Hayo si haba, na wanaoyatoa wanastahili shukrani. Lakini binadamu si gunia, ati ukishalijaza na kulishona kazi imekwisha.

Kuna ugonjwa uitwao sonona. Si huzuni ya siku moja. Ni huzuni inayokaa majuma mawili na zaidi, ikamnyima mtu usingizi, hamu ya chakula, na furaha ya mambo aliyoyapenda. Nduguye ni wasiwasi uliopita kiasi: moyo kwenda mbio, kuogopa usiku, kuuliza swali moja mara kumi. Kijana akiwa hivyo, tunashtuka. Mzee akiwa hivyo, tunasema, "Ah, ni uzee tu." La hasha! Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu wapatao 14 katika kila 100 wenye miaka 60 na zaidi wana maradhi ya akili, na yaliyoenea zaidi ni hayo mawili. Aghalabu mzee mwenye sonona halii. Hulalamikia mgongo, tumbo au kichwa, akapewa tembe za maumivu na kurudishwa kitandani. Ilhali sonona hutibika, kwa ushauri na kwa dawa za daktari, hata kwa mtu wa miaka 80.

Mbona basi iwaandame walio katika makao? Fikirini. Mzee ameacha shamba lake, majirani zake na kiti chake cha mlangoni. Saa ya kuamka na ya kula hupangwa na mwingine. Mwenzake wa kitanda cha pili akifariki, shuka hubadilishwa na maisha yakaendelea. Mtu aliyeombwa shauri na kijiji kizima sasa haulizwi hata kama anataka chai au uji!

Nduguye babu yangu anaishi katika makao ya namna hiyo. Zamani alikuwa gadi wa reli. Muhula uliopita tulimkuta ameugeukia ukuta, na mtunzaji akatuambia hali chakula vizuri. Nikamwuliza, "Babu, garimoshi likitoka Mombasa lilikuwa likipitia wapi?" Kimya. Kisha pole pole akaanza: Mazeras, Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, Voi... Alipofika Makindu alikuwa amekaa kitako, akinikemea kwa kuiruka Kibwezi. Sisemi kuwa alipona. Mtunzaji alimwita daktari baadaye, na matibabu yanaendelea. Nasema tu kwamba siku hiyo alikuwa na kitu ambacho sisi tulikihitaji, naye alijua.

Wapo watakaosema dawa ni kuyafunga makao, kila mzee arudi kwa wanawe. Mimi sikubaliani nao. Wengine hawana mwana. Na kule Kilifi wapo wazee waliokimbia boma zao baada ya kusingiziwa uchawi, wakapata hifadhi Ganze. Kumrudisha mzee kama huyo ni kumrudisha kwenye panga. Tena, mzee aweza kuwa mpweke nyumbani kwa mwanawe, akishinda na televisheni kutwa.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinataja haki za wazee. Ya kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kutunzwa na familia na Serikali kumetajwa mwisho. Sisi tumeshika la mwisho tukasahau la kwanza.

Vyama vya shule huzuru makao mara moja kwa mwaka, vikapeleka unga, sukari na sabuni, picha zikapigwa, kwaherini. Sabuni ni nzuri, lakini haitibu upweke. Napendekeza wanafunzi watano waende kila mwezi, makao yale yale, kwa wazee wale wale, hadi wajuane kwa majina. Waende na daftari. Si sisi ni Chama cha Kiswahili? Methali, vitendawili na majina ya vifaa vya kale tunavyovitafuta kamusini, wao wanavyo vichwani. Wakikubali, toleo lijalo liwe na kurasa zao.

Nao watunzaji wafunzwe dalili za sonona, na muuguzi wa maradhi ya akili apite makaoni mara kwa mara. Nasi tukimwona mzee aliyeacha kula au kusema, tusijifanye madaktari. Tumwarifu mtunzaji siku hiyo hiyo.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya wazee tangu mwaka 1990. Hiyo ni siku moja, na mwaka una 365. Walimu wetu, tunaomba ruhusa na basi la shule, Jumamosi moja kila mwezi. Sabuni tutabeba, ndiyo, lakini safari hii tukae.