Kisima cha Fumo Liongo Kina Hoja

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu mighani, aghalabu humtaja Fumo Liongo, sindano ya shaba na kitovu, kisha kalamu inakwama. Amekariri kisa bila kujua kilikotoka. Kwa maoni yangu, ukipata nafasi ya kuzuru Kipini, kijiji kilicho pale Mto Tana unapoingia baharini, usiikose. Lakini usiende kutafuta ithibati kwamba Liongo aliishi.

Katika eneo hilo wenyeji humwonyesha mgeni kaburi linalosemekana kuwa la shujaa huyo. Karibu pana pia magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili. Wageni wengi hupiga picha na kuuliza, "Ni lake kweli?" Hilo ni swali la mwanahistoria. Wewe mwanafunzi wa fasihi uliza: kwa nini jamii imelitunza jina hili vizazi na vizazi?

Kisha utazame mto. Bahari ikijaa, maji ya chumvi hupanda mtoni. Sasa kumbuka mwisho wa kisa: Liongo, akiwa amedungwa na mwanawe, alipiga goti kisimani, uta mkononi, akafa vivyo hivyo. Watu wakadhani yu hai, wakaogopa kuteka maji. Darasani hilo ni tukio tu. Ukiwa Kipini utatambua kwamba anayeziba njia ya kisima ameukaba mji mzima koo. Hiyo ni hoja kuhusu mandhari, na imetoka kichwani mwako.

Je, nauli ikikosekana? Usivunjike moyo. Kano, karibu na Mto Nyando, pana jiwe linalohusishwa na Luanda Magere. Kwenu nako huenda pana mlima, mti au kisima chenye kisa chake. Mwendee mzee, mwamkie, mhoji, mrekodi kwa idhini yake, kisha mhoji mwingine. Masimulizi yao yakitofautiana, yaandike yote. Kisa cha Liongo chenyewe kilichapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870, na Muhamadi Kijumwa akakitungia utenzi mwaka wa 1913. Kila mmoja alikipa sura yake.

Ianze kazi hii likizo ijayo. Mwongozo wowote, hata huu, hauwezi kumhoji mzee aliyekwisha kuzikwa.