Harusi ya Ujiji isipotelee katika faili dogo

KWA familia nyingi za mijini, huu ni wakati wa kuhamisha kanda za zamani za video kwenda kwenye kompyuta na simu. Deki za VHS zinakufa moja baada ya nyingine, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisitisha kazi hiyo mwaka 2016. Mkoani Kigoma nako zimo kanda za harusi za Ujiji, maulidi na safari za meli ya MV Liemba. Swali ambalo wengi hawajiulizi kabla ya kumkabidhi fundi kanda hizo ni hili: zitahamishwa kwa bitireti gani?

Bitireti ni idadi ya biti zinazotumika kuhifadhi kila sekunde ya video. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha bitireti kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8 upate ukubwa wa faili kwa baiti. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ya harusi hufikia megabaiti 900. Kwa megabiti 8, saa hiyo hiyo hufikia gigabaiti 3.6. Ndiyo maana fundi mwenye diski ndogo na mteja mwenye kifurushi kidogo cha intaneti huvutiwa na kiwango cha chini.

Hata hivyo, unafuu huo una gharama, na gharama yenyewe hutegemea kilichopigwa picha. Kanda za nchini kwa kawaida zina picha 25 kwa sekunde. Programu ya kubana video haihifadhi kila picha nzima, bali huhifadhi hasa kile kilichobadilika kutoka picha moja hadi inayofuata. Mzee anayetoa nasaha akiwa ameketi mbele ya ukuta habadiliki sana, hivyo biti chache humtosha.

Ufukweni Kibirizi mambo ni tofauti. Mawimbi ya Ziwa Tanganyika hayatulii, na makuti ya michikichi hutikiswa na upepo. Biti zisipotosha, maji hugeuka vipande vya mraba na sura za watu waliomo mtumbwini hufifia. Usiku, giza linalozunguka taa za wavuvi wa dagaa huvunjika mabaka mabaka. Kanda kuukuu zenye chenga nazo zinahitaji biti zaidi, kwa kuwa programu huzihesabu chenga kama mabadiliko.

Njia ya busara ipo. Programu nyingi humruhusu fundi kuchagua ubora badala ya kiwango kimoja cha biti; zenyewe hutumia biti nyingi penye mawimbi na chache penye ukuta. Aidha, kodeki ya H.265 ya mwaka 2013 inaweza kutoa ubora unaokaribiana na wa H.264 ya mwaka 2003 kwa takriban nusu ya biti.

Tatizo ni pale faili la kutumiana linapogeuzwa kuwa kumbukumbu pekee. Kwa miaka mingi WhatsApp iliweka kikomo cha megabaiti 16 kwa video. Video ya dakika 3 ikibanwa kufikia hapo hubaki na megabiti 0.7 tu kwa sekunde, sauti ikiwamo. Wapo wanaodhani kwamba faili hilo likigeuzwa tena kwa megabiti 8 ubora utarejea. Haurejei; kinachoongezeka ni ukubwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Funzo liko jirani, Gombe. Mwaka 1962 Hugo van Lawick alitumwa huko kupiga filamu za utafiti wa Jane Goodall juu ya sokwe. Zaidi ya saa 100 za filamu zake za milimita 16, zilizodhaniwa kupotea, zilipatikana mwaka 2014 na kuzaa filamu ya “Jane” ya mwaka 2017. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu filamu za asili hazikutupwa.

Basi familia idai mafaili mawili: moja kubwa la kuhifadhi kwenye diski, jingine dogo la kutumiana. Na kanda yenyewe isitupwe kabla faili kubwa halijatazamwa mwanzo hadi mwisho. Bei ya diski inaweza kushuka mwakani, lakini sura ya bibi aliyefariki dunia haitapigwa picha tena.