Namba Iko kwa Skrini, Iandikwe

Wasee wa Itumbe, hii njia mnaijua: boda inateleza, paja linavunjika, unakimbizwa Kisii mjini kutiwa chuma. Kwa thieta kuna mashine imejikunja kama herufi C. Inapiga eksirei live, daktari anaangalia skrini ndio chuma kiingie pale pale. Bila hiyo wangekupasua zaidi. Siipingi, na mtu asikatae operesheni juu yangu.

Kelele yangu ni hii. Mashine nyingi za siku hizi zinajihesabia: mionzi imewaka dakika ngapi, jumla yake ni gani. Operesheni ikiisha, namba iko hapo. Nani anaiandika kwa faili yako? Na akiiandika, anailinganisha na nini?

Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, ilileta viwango vya kulinganishia mwaka 1996, na 2017 ikatoa mwongozo mzima. Kila hospitali inatoa namba yake ya katikati kwa operesheni ya aina moja. Namba zinapangwa, ndogo hadi kubwa. Pale robo tatu ya hospitali ziko chini, hapo ndipo alama. (Niliacha chuo, lakini robo tatu naijua.) Hospitali ikizidi alama kila saa haishtakiwi, inatafuta sababu. Labda pedali inakanyagwa muda mrefu bila haja. Labda mashine imezeeka.

Kuna wa kusema, "Mifupa mingine imevunjika vibaya, lazima eksirei ziwe nyingi." Kweli, ndio maana alama si ya mgonjwa mmoja. Hospitali nzima haiwezi kujificha nyuma ya mguu wa mtu mmoja.

Halafu fikiria nesi anayeshika huo mguu. Wewe ni siku moja, yeye ni Jumatatu mpaka Ijumaa, na mionzi inayomfikia inaruka kutoka kwa mwili wako. ICRP inampa kikomo: milisivati 20 kwa mwaka, wastani wa miaka 5. Yako ikipungua, yake pia inapungua.

KNRA, sheria ya 2019 iliwapa kazi ya iliyokuwa Bodi ya Kinga ya Mionzi. Anzeni na chuma cha paja. Kusanyeni namba, Kisii mpaka Mombasa, muweke alama mahali hata mama wa mboga ataiona.

Na wewe ukitolewa thieta, akili ikirudi, uliza: mionzi iliwaka dakika ngapi? Waandike kwa faili ukiona.